Barua kwa Mwanangu: "Mwalimu, Hapa Tunajumlisha au Tunatoa?"

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wanafunzi wako wa darasa la tano wamelikariri jedwali lote la kuzidisha na kutoa kwa kukopa wanaweza, lakini ukiandika fumbo ubaoni, hata chaki hujaiweka chini, mkono wa kwanza umeshanyooshwa: "Mwalimu, hapa tunajumlisha au tunatoa?" Unaniuliza uwajibu nini.

Usiwajibu. Najua ni vigumu kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, darasa zima linamkodolea macho. Lakini ukishasema "tunatoa", fumbo limekwisha. Kinachobaki ni hesabu tupu, kama 12 kutoa 5, na hilo wanalijua tangu darasa la pili.

Jambo hili mimi mwenyewe nililikosea kwa miaka. Nilipoanza kufundisha nilibandika ukutani orodha ya maneno: "jumla" na "zaidi" ni kujumlisha, "baki" na "pungua" ni kutoa, "kila" ni kuzidisha, "gawana" ni kugawanya. Watoto waliipenda, alama zikapanda, kwa sababu mafumbo niliyowatungia yaliifuata orodha ileile. Halafu siku moja nikaandika: Asha ana kalamu 12. Ana kalamu 5 zaidi ya Juma. Juma ana kalamu ngapi? Karibu darasa zima likaandika 17. Nikamwita msichana mmoja hodari, nikamuuliza kati ya hao wawili nani mwenye kalamu nyingi. "Asha," akasema papo hapo. Na Juma umempa ngapi? Akalitazama daftari lake, akanyamaza. Kumbe alikuwa anajua. Orodha yangu ndiyo iliyomzoesha kuliruka lile analolijua na kukimbilia neno. Jioni ile niliibandua.

Wala si wanafunzi wangu peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule ya msingi: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Wengi wao walitoa umri, kwa kuzichanganya hizo namba mbili. Watoto wale hawakuwa wajinga. Walishaona kwamba shuleni kila swali lina jibu, na jibu hupatikana kwa kufanya kitu na namba zilizopo. Sisi walimu ndio tuliowaonyesha hivyo.

Kwa hiyo, anza kwa kuzificha namba. Waambie tu: Asha ana kalamu, na anazo nyingi kuliko Juma. Kisha nyamaza. Waache waseme wanajua nini, hawajui nini, na wanadhani wataulizwa nini. Mtoto mmoja awe Asha, mwingine awe Juma, wasimame mbele. Wakishakielewa kisa, leta namba moja, halafu ya pili. Na kabla kalamu haijagusa karatasi, uliza: jibu litakuwa kubwa kuliko 12 au dogo? Swali hilo moja limenisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kujaribu, maana mtoto akishasema "dogo", hawezi tena kuandika 17 kwa amani.

Baada ya hapo, wachore. Sisemi picha nzuri ya Asha mwenye nywele na viatu, bali mistatili. Mstatili mrefu wa Asha, mfupi wa Juma chini yake, na pengo lililobaki liandikwe 5. Singapore wamefundisha kwa mistatili ya namna hii tangu miaka ya 1980, na utaona faida yake hasa watakapofika kwenye sehemu. Jaribu hili kwa wakubwa kidogo: mtu aligawa 2/5 ya vitabu vyake, vikabaki 18, alikuwa na vingapi mwanzoni? Asiyechora hutafuta 2/5 ya 18 na kukwama. Aliyechora mstatili wenye vyumba vitano, akafuta viwili, anaona kwamba 18 imekaa katika vyumba vitatu. Kila chumba ni 6, vyote ni 30. Hakuna kanuni aliyoikariri hapo.

Lipo fumbo la kale sana la Wachina ninalolipenda, la kuku na sungura walio banda moja. Wao waliuliza vichwa 35 na miguu 94. Wewe wape vichwa 8 na miguu 22. Nilipolitoa mara ya kwanza, mvulana mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha mkono alichora viduara vinane, akakipa kila kimoja miguu miwili, akakuta miguu 6 bado haina mwenyewe. Akaanza kuigawa miwili miwili. Viduara vitatu vikawa sungura, vitano vikabaki kuku. Mwenzake alikuwa anabahatisha kwa jedwali: kuku 4 na sungura 4 ni miguu 24, imezidi, punguza sungura mmoja. Niliwaita wote wawili ubaoni, nikawaomba wengine waeleze njia hizo zinafanana wapi. Kipindi kizima kikaishia hapo, na sijutii hata dakika moja. Miaka michache baadaye watoto hao watakutana na milinganyo yenye herufi mbili, na watakuta wanaandika kwa ishara kitu ambacho mikono yao ilishakifanya.

Utaniambia muhtasari ni mrefu na muda haupo. Ni kweli. Lakini mafumbo ishirini yanayofanana huwapa zoezi la kutoa tu, na kutoa wanajua. Jedwali la kuzidisha usiliache, maana anayetafuta 7 mara 8 kwa vidole hana nafasi kichwani ya kukifikiria kisa. Mambo hayo mawili hayagombani.

Jifunze pia kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza, kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu. Akivumilia tatu au zaidi, watoto hutoa majibu marefu na wanaojibu huongezeka. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo huku nimeshika mikono nyuma nisiguse chaki.

Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, aliipanga kazi hii mwaka 1945 kwa hatua nne: elewa swali, tafuta njia, ifuate, kisha rudi ulitazame ulilofanya. Hii ya nne ndiyo tunayoiacha kengele ikilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mtihani wa taifa wa Marekani, vijana wa miaka 13 waliulizwa mabasi mangapi yatahitajika kubeba askari 1128, kila basi likichukua 36. Takriban asilimia 70 waligawanya sawasawa, lakini ni chini ya robo walioandika 32. Wengi kuliko hao waliandika "31, baki 12", kana kwamba wale askari 12 hawasafiri. Kila jibu likipatikana, mwambie mtoto alirudishe kwenye kisa na kuliandika kama sentensi nzima, mabasi yakiwa mabasi na askari wakiwa askari.

Jumatatu wape vichwa 8 na miguu 22, fumbo hilo tu, na karatasi tupu. Kisha niandikie walivyochora. Nina hamu hasa ya kujua yule wa mkono wa kwanza alifanya nini ulipokataa kumjibu.

Mama yako