Kabla Hujapiga Windows, Isome Kwanza Ile Skrini ya Bluu

Juzi usiku kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Shikamoo kaka. Laptop ya mteja inaleta skrini ya bluu. Nimeshapiga Windows mara mbili, nipige ya tatu?" Kupiga Windows ndiko kuifuta na kuiweka upya, na skrini ya bluu ndiyo Windows huonyesha ikianguka. Ujumbe ule ulinikuta pale pale panaponiuma.

Mimi niliipiga hiyo ya tatu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nifungue meza yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mama mmoja mwenye steshenari aliniletea kompyuta ya mezani: anachapa kazi, ghafla bluu, inajiwasha upya. Sikusoma chochote. Nilichomeka flashi, nikapiga Windows. Baada ya siku mbili ikarudi, nikapiga tena. Mara ya tatu nilikuwa na haraka, nikafuta hata ile D, sehemu ya diski ya kuwekea faili, na humo ndimo alimokuwa ameweka kazi za wateja na orodha ya madeni ya miaka minne. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Fundi, na madeni yangu?" Kisha akapakia kompyuta kwenye bajaji, akampelekea fundi wa Ujiji. Yule akafungua kava, akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, akasugua vile vimeno vya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, akairudisha mpaka ikalia "ka!" Ikapona. Mpaka leo nikikutana na yule mama sokoni nainamisha macho.

Na skrini ilikuwa imeandika muda wote: MEMORY_MANAGEMENT. Si lazima RAM iwe imekufa, maana hata draiva mbovu (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) huleta neno hilo, lakini ndipo pa kuanzia. Ukiandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, Windows yenyewe inakupimia RAM bure. Sikujisumbua.

Ndugu zangu tunaotaka kutoka kwenye meza ya barazani tufungue ofisi, tusome! Ipige picha ile skrini kwa simu. Toa faili za mteja kabla hujagusa kitu. Muulize nini kimebadilika: draiva, programu, RAM ya kuongeza? Iwashe kwa Safe Mode, ambayo hupakia draiva chache tu za lazima. Ikitulia humo, mshuku draiva au programu. Kama ni programu moja tu inayojifunga, iache Windows. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tafuta saa ile ile ilipojifunga, utakuta jina la faili lililoiangusha.

Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama. Kwenye nyingi dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja. Faili moja! Fundi wa kukimbilia flashi angefuta kazi za watu bure. Siku hizi watu wananiletea mashine kutoka Uvinza, na sipigi Windows mpaka nijue kwa nini. Nasema tena: soma kwanza.

Yule kijana alinitumia picha ya skrini: WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Hiyo mara nyingi ni vifaa vyenyewe au joto, na Windows mpya haiwezi kuitibu. Nikamwambia afungue kava la chini. Jana jioni ikaja picha nyingine: feni imeziba kwa vumbi jekundu la Kasulu, haizunguki hata ukiisukuma kwa kidole. Anaisafisha leo, na faili za mteja ameshazihamisha.