Nilimlenga, nikamwacha aende. Je, uwindaji umeniisha?

SWALI

Shikamoo Mzee. Niko Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, na Novemba iliyopita ulikuwa msimu wangu wa 7 wa kuwinda kulungu mkia-mweupe. Nilipoanza, ningempiga yeyote ambaye leseni inamruhusu. Msimu wa 4 nikajiwekea sharti: dume mwenye matawi 8 ya pembe, chini ya hapo simtaki. Safari hii, siku ya pili asubuhi, dume wa matawi 8 alitoka kichakani akasimama kama yadi 40 kutoka kwenye dungu langu, ubavu wote wazi. Nikaweka alama ya darubini nyuma ya bega, nikafungua kifungo cha usalama, halafu nikakirudisha. Akatafunatafuna majani, akaondoka zake. Mke wangu anauliza friza itajazwa na nini. Shemeji ananiita mpiga picha. Mzee mmoja kambini alisema tu, "Umeingia hatua nyingine," akaendelea na kahawa yake. Hatua gani? Na je, niuze bunduki?

Kidole Kizito

JIBU

Marahaba, Kidole Kizito. Bunduki usiuze. Hilo limekwisha, sasa tuzungumze.

Tuanze na hizo hatua. Kati ya 1975 na 1980, maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse, Robert Jackson na Robert Norton, waliwahoji wawindaji zaidi ya 1,000 wa jimbo hilohilo unaloishi. Walichokiona kikaingia kwenye masomo ya usalama wa uwindaji, yale ambayo Wisconsin humtaka kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 ayapitie kabla ya kununua leseni. Huenda siku ya somo hilo ulikuwa unasinzia. Walisema mwindaji huanza kwa kutaka kufyatua tu. Baadaye hutaka kujaza idadi aliyoruhusiwa. Kisha hutaka pembe kubwa. Kisha namna ya kuwinda humshughulisha kuliko mnyama mwenyewe, na hapo wengi huweka bunduki wakashika upinde. Mwishowe hutosheka na kule kuwapo porini, apate asipate.

Ni picha nzuri na naiamini nusu. Nusu nyingine siiamini kwa sababu watu wameigeuza ngazi, aliye juu anamdharau aliye chini. Mimi niliipanda, nikateleza, nikashuka, na hivi leo nimekaa kidato cha pili kwa hiari yangu. Nikueleze ilivyokuwa.

Lengo langu la kwanza, nikisema kweli, halikuwa kulungu. Lilikuwa shati. Kambi niliyoalikwa ilishika desturi ya zamani ya wawindaji wa Marekani: ukikosa shabaha unakatwa kipande cha shati upande wa nyuma, na kipande kinapigiliwa ukutani na jina lako juu yake. Nilikuwa mgeni, nikaapa ukuta ule hautanijua. Siku ya kwanza, saa moja na nusu asubuhi, nikakosa mara mbili kwa jike aliyesimama kama ng'ombe. Wenyeji wana jina la maradhi yale, homa ya dume, ingawa mimi jike tu alitosha kunipandisha: moyo unagonga masikioni, darubini inacheza, pumzi inaziba kioo kwa ukungu. Shati lenyewe lilikuwa la kuazima, na mwenyewe alitaka alipwe.

Msimu wa pili nilipata jike, na wa tatu ndio uliobadilisha kila kitu. Si umri ulionibadilisha, wala hekima. Ilikuwa jioni, mwanga unakwisha, na kibali changu bado kilikuwa mfukoni. Nilimpiga jike mbali kuliko nilivyowahi kupiga hata kwenye shabaha ya karatasi. Alikunja mgongo akaondoka polepole, kichwa chini. Aliyewahi kuona mnyama anakunja mgongo hivyo anajua tayari, mimi sikujua. Nilipofika pale sikukuta damu nyekundu yenye mapovu, ile inayotoka mapafuni. Nilikuta matone machache juu ya theluji, ya rangi ya kahawia na kijani, na harufu ya nyasi zilizoanza kuoza. Nilikuwa nimempiga tumboni. Sheria ya aliyepigwa tumboni ni moja: rudi nyuma kimya, subiri saa 8 au zaidi, kwa sababu atalala karibu, na ukimwacha atafia pale alipolala. Mimi nikamfuata papo hapo na tochi. Nilimwinua mara mbili. Mara ya pili niliona alipokuwa amelala, theluji imeyeyuka kwa umbo lake na bado inatoa mvuke. Akaingia kwenye kinamasi. Kesho yake nilizunguka kinamasi kile tangu alfajiri hadi jua kuzama, sikumwona.

Tangu siku hiyo lengo langu lilikuwa risasi nisiyoipiga: zaidi ya yadi 100 hapana, mwanga ukififia hapana, mnyama akiwa amenielekea kifua hapana. Kwenye zile hatua tano sijaona mahali pa kuliweka lengo la namna hiyo, na ndilo pekee ambalo sijawahi kulibadilisha.

Pembe zilinishika baadaye, na zilinishika vibaya. Unajua kwamba dume huangusha pembe zake kila majira ya baridi na kuotesha nyingine; basi mwezi Machi nilikuwa naokota zilizoanguka, nazipima kwa utepe mezani. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, hupima pembe kwa inchi, vipimo vyote vikajumlishwa pamoja, na mkia-mweupe wa pembe za kawaida anahitaji inchi 170 kuingia kwenye daftari lao la kudumu. Wisconsin kuna hadithi ya kulungu aliyepigwa na James Jordan mwaka 1914, inchi 206 na 1/8, aliyeshika rekodi mpaka Milo Hanson wa Saskatchewan, Kanada, alipopiga wa inchi 213 na 5/8 mwaka 1993. Nilizijua namba hizo kuliko siku za kuzaliwa za wanangu. Nilifunga kamera mitini. Dume mmoja nikampa jina. Usimpe kulungu jina, mwanangu. Ukishampa jina unaanza kuhesabu kwamba ni wako.

Misimu minne nilirudi mikono mitupu kwa kumsubiri. Wa nne, binti wa jirani, miaka 14, alimpiga siku ya kwanza saa nne asubuhi, akiwa anakula mkate dunguni. Nilisikia mlio nikajua. Nilikwenda kusaidia kumburuta. Yule mtoto alikuwa anatetemeka, analia na kucheka kwa pamoja, glavu zimejaa damu, ananiuliza, "Ni mkubwa? Huyu ni mkubwa?" Nikamwambia ni mkubwa. Nilimpongeza kwa meno. Moyoni nilinuna hadi Jumatano, na si jambo ninalojivunia kwa mtu wa umri wangu wakati ule.

Baada ya hapo nikashika upinde kwa miaka kadhaa, kama maprofesa walivyotabiri. Sitausemea sana. Upinde hukufundisha upepo. Ukishajifunza upepo, magoti huanza kukataa kukaa saa sita kwenye baridi.

Kilichonirudisha kwenye majike na nyama ni ugonjwa. Ule ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaoletwa na protini iliyopinda umbo na kuharibu ubongo, uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002. Hauna tiba. Madume wakubwa hukutwa nao zaidi kuliko majike. Sasa tazama nilivyonasa: kwa miaka nilikuwa nawaacha madume wapite ili wazeeke, najiona mwungwana wa msitu, kumbe hao ndio wenye nafasi kubwa ya kuubeba. Sisemi kila anayemwacha dume anakosea. Nasema lengo langu nililifikiria kwa hesabu ya ukuta wangu, msitu sikuuuliza.

Siku hizi naingia na malengo mawili. Majike wawili, kwa vibali halali vya kaunti, kabla ya Jumatatu jioni ya zile siku 9 za bunduki zinazoanza Jumamosi kabla ya sikukuu ya Shukrani. Kila mmoja nasajili kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho yake, napeleka sampuli ipimwe, na nyama hailiwi mpaka jibu lije. Kisha nafungua taya. Ukiangalia jino la tatu kwenye safu ya nyuma na likawa na vichwa vitatu, bado ni la utotoni, mnyama ana kama mwaka na nusu. Likiwa na vichwa viwili ameshavuka hapo. Nimeipenda kazi hiyo kuliko nilivyopenda utepe wa inchi. Lengo la pili ni kupanda dungu na kushuka mzima, mkanda wa usalama umefungwa tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi. Ucheke ukitaka, utafika umri huu.

Sasa wewe. Hujaniambia kitu kimoja, nami nisingependa ukikisie haraka: ulipokirudisha kifungo cha usalama, ulikuwa unawaza nini? Kama uliwaza kwamba hujui kitu kilichopo nyuma yake, au tawi lililo mbele ya risasi, basi huo ni ustadi na hauna uhusiano na hatua yoyote. Kama uliwaza kazi ya kumtoa matumbo na kumburuta peke yako, umechoka, tafuta mwenzako. Kama picha ya mnyama uliyewahi kumjeruhi ilikurudia, nenda kwenye shabaha ya karatasi majira ya joto, piga risasi nyingi, jiaminishe tena, maana woga wa namna hiyo hauponi kwa kukaa dunguni. Na kama hukuwaza chochote, ulimtazama tu ukaona inatosha, basi ilitosha. Kesho yake unaweza kumpiga mwingine bila kujipinga. Nimewahi kumwacha dume asubuhi nikapiga jike mchana, na sikuona aibu kwa yeyote kati yao.

Lile sharti la matawi 8, nakushauri ulivunje. Limeshakudanganya mara moja: dume alitimiza sharti, nawe hukumtaka. Lilikuwa la mtu wa msimu wa 4.

Mke wako ana haki yake, na hapo sitakutetea. Kama nyumba inategemea nyama ile, hiyo ni ahadi na ahadi ni deni. Mlipe kwanza: jike, siku ya kwanza au ya pili, yadi chache, ubavu wazi. Friza ikishapata vyake, siku 7 zilizobaki kaa dunguni utakavyo, hata bila risasi ndani. Neno lenyewe dungu nalipenda. Wazee walilijenga ili wachunge shamba lisiliwe, sisi tunalipanda ili tule.

Shemeji mpe kamba. Anayecheka aburute.

SWALI

Mzee, salaam. Mwanangu ana miaka 12 na anasema kulungu wake wa kwanza lazima awe dume mkubwa, jike hamtaki. Nimkatalie?

Mama wa Mwindaji

JIBU

Mama, usimkatalie na usimsifie. Hiyo lugha ameitoa kwa watu wazima waliomzunguka, nami nilikuwa mmoja wao. Mpeleke, kaa naye bega kwa bega, na jike wa kwanza akipita karibu usiseme neno. Mwangalie mikono. Kama inatetemeka atafyatua mwenyewe au hatafyatua, na vyovyote iwavyo ataacha kuzungumzia pembe mpaka mtakapofika nyumbani. Chukua sandwichi za kutosha, na soksi za akiba: mtoto akishikwa na baridi miguuni hataki dume wala jike, anataka gari.

SWALI

Kwa nini Mzee unasema kulungu, wakati Biblia inasema ayala?

Msomaji Makini

JIBU

Ayala wa Zaburi ana kiu ya mito ya maji. Wa kwangu aliingia kwenye kinamasi, nami mpaka leo nikipita pale natembea polepole, natazama chini.