Mwanangu, unaniuliza kwa nini situlii

Wete, Pemba

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia usiku wa kuamkia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Unasema nina miaka 72, Pencheni Jamii, ile ya wazee ya Serikali ya Zanzibar, naipata tangu nilipotimiza 70, na matumizi unaniletea kila mwezi. Sasa kwa nini kila alfajiri niko njiani, na jioni niko uani kwa jirani nachambua karafuu? Umeuliza kwa huruma, nami sitakuficha kitu.

Unakumbuka nilipokuja kukaa kwenu Michenzani, kule ghorofani Unguja, baada ya ile homa? Miezi minne. Kwa ajili ya ngazi mkanikataza kushuka, na mkeo, Mungu amlipe kheri, hakuniacha hata nioshe kikombe. Nilikula vizuri, nikalala vizuri. Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani nimesujudu sala ya adhuhuri, nataka kuinuka, miguu imekataa. Nilitambaa mpaka kitandani nikashika tendegu. Nililia, mwanangu. Sikukwambia kwa sababu ungejilaumu, na mlichonifanyia kilikuwa mapenzi matupu. Lakini homa ilikuwa imepona zamani. Kilichoninyang'anya miguu ni kule kukaa.

Mtaalamu wa viungo aliyenitazama baadaye alinieleza kwamba misuli huanza kupungua tangu mtu yuko kwenye miaka ya thelathini, na ukipita sitini inakwenda mbio zaidi. Mzee akilazwa, siku chache tu zinamla sana. Halafu akaniambia neno lililonipa roho: hata mtu wa miaka tisini, misuli yake ikifanyishwa kazi hupata nguvu. Akanipa mazoezi ya kufanya nyumbani. Kukaa ukingoni mwa kitanda na kusimama bila kushika, mara tano, baadaye kumi. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Kunyanyua chupa za maji. Wiki za mwanzo mapaja yaliniwaka, nikataka kuacha. Mwezi wa tatu nikainuka kwenye sijda peke yangu, sikushika kitu. Ramadhani iliyofuata nilisali tarawehe kwa miguu yangu, na kiti nikamwachia mwenzangu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuhemesha kidogo kwa wiki, na sisi wa miaka 65 kwenda mbele tuongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi. Ndiyo maana unasikia niko njiani. Nateremka hadi bandarini, napanda kile kilima kurudi, nusu saa, siku tano. Presha yangu imetulia, ingawa vidonge nameza vilevile na sitaviacha bila daktari kusema. Ninachokiogopa zaidi ni kuanguka. Umri huu nyonga ikivunjika, wengi hawarudi walivyokuwa.

Karafuu najua hazinipi miguu. Zinanipa watu. Tunakaa kwenye jamvi, vidole vinatenganisha karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, huku tunaulizana nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kaposwa. Kwenu siku nzima nilikuwa na televisheni, na mchana ulikuwa mrefu mno.

Ndoo kubwa za maji sibebi tena, hilo nakubali, na shamba la mbali nimeliacha. Huyo mfanyakazi unayetaka kumleta, mlete kwa kazi hizo. Kufagia uwanja na kupika nibakishie mimi.

Na pesa ya kile kiti cha kuegemea unachotaka kuninunulia usiitumie huko. Ninunulie raba namba 38, za soli isiyoteleza. Hizi nilizo nazo zimelika kisigino na mvua za masika zinakuja.

Mama yako