Nitajaribuje biashara yangu ya dagaa bila mwenye mtaji kunichukulia wazo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Ujiji, Kigoma. Nimebuni dagaa waliokaangwa na kuungwa kwa viungo ninavyochanganya mwenyewe, kwenye pakiti ndogo za kula papo hapo. Nataka kuuza stesheni na mwaloni, baadaye Dar es Salaam. Mfanyabiashara mmoja wa Mwanga, mtaa wa hapa mjini Kigoma, yuko tayari kunipa mtaji, ila anataka nimweleze kila kitu kwanza, mpaka viungo. Rafiki yangu anasema nikasajili hataza ya wazo kabla sijafungua mdomo. Mwingine anasema nisiuze hata pakiti moja, wataniiga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Nianze na hataza, maana hiyo ndiyo itakayokula muda na hela zako bure. Hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, na hupewa uvumbuzi wa kiufundi: kitu kipya, ambacho fundi wa kazi hiyo asingekifikia kirahisi, na kinachoweza kutengenezwa kiwandani. Dagaa wa kukaanga wenye pilipili na ndimu hawafiki hapo hata wawe watamu namna gani. Tena mwombaji hutakiwa kueleza uvumbuzi wake kinagaubaga, na maelezo hayo mwisho wake huwa wazi kwa umma. Mwenye siri ya jikoni anayekimbilia hataza anaitangaza mwenyewe. Ungekuwa umebuni mashine, tuseme kikamulio cha mawese chenye kifaa kisichokuwepo kabla, ningekushauri kinyume: usikionyeshe wala kukiuza mpaka maombi yafike BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa sababu kukionyesha kunaweza kuua upya wake kisheria. Hakimiliki nayo italinda maandishi na mchoro wa lebo yako, lakini haimzuii jirani kukaanga dagaa.

Sasa chukua karatasi, andika vitu ambavyo mtu hawezi kuvijua hata akinunua pakiti yako, akaifungua na kuila. Kwamba ni dagaa, wana pilipili, wamekaangwa kwa mawese, hayo anayaona kwa macho. Asichokiona ni kipimo cha viungo kwa kilo, hatua ipi inatangulia ipi, joto la mafuta, dagaa unawanunua kwa nani na kwa bei gani, na nani anakuchukulia kwa katoni. Orodha hiyo haitazidi mistari sita. Hiyo ndiyo siri yako. Yaliyobaki ni bidhaa, na bidhaa lazima ionekane ndipo inunuliwe.

Kwa hiyo usimsimulie mtu wazo. Muuzie pakiti. Mnunuzi anayetoa hela amekujibu swali lako bila wewe kueleza chochote, na aliyesifia bila kununua hajakujibu kitu.

Maswali ya kupimwa yapo matatu: pakiti itakaa siku ngapi bila kuharibika, watu watalipa bei unayoitaka, na je, watarudi. La kwanza lifanyie nyumbani, halihitaji shahidi. Fungasha pakiti kumi na mbili siku moja. Sita ziweke kivulini, sita karibu na dirisha linalopigwa na jua, kwa sababu hivyo ndivyo zitakavyoning'inia kwenye kibanda cha muuzaji. Kila wiki fungua moja ya kila upande, nusa kwanza, kisha onja, uandike tarehe na ulichokikuta. Harufu ya rangi au ya mafuta ya taa maana yake mafuta yamechacha. Dagaa wakilegea, unyevu umeingia.

Hapa ndipo bidhaa za aina hii hufa, kwa hiyo nikae kidogo. Dagaa wana mafuta yao ya asili ambayo huchacha haraka yakikutana na hewa, mwanga na joto, na ukiwakaanga kwa mafuta yanayochacha upesi umeongeza tatizo. Mawese yaliyotengenezwa vizuri yanastahimili kuliko alizeti, na kwenu hayana uhaba. Yale yenye harufu kali tangu dumuni yaache. Kaanga mafungu madogo, joto likiwa nyuzi 170 hadi 180. Ukijaza karai, mafuta yanapoa, dagaa wanayanywa badala ya kukauka. Chuja kwenye chekeche, kisha watandaze wapoe kabisa, nusu saa au zaidi, ndipo ufunge. Wakifungwa wangali vuguvugu, mvuke unageuka matone ndani ya pakiti, na baada ya siku chache una ukungu. Mfuko mwembamba wa nailoni unapitisha hewa, kwa hiyo tafuta kifungashio kizito cha tabaka zaidi ya moja, kinachofungwa kwa mashine ya joto. Usijaribu kwa vimifuko vya sokoni visivyo na lebo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na hutaki kukamatwa kwa jambo la kijinga.

Halafu mchanga. Chukua kikombe cha dagaa, mimina kwenye sahani nyeupe, tikisa, ondoa dagaa, tazama kilichobaki. Walioanikwa kwenye chanja wataacha magamba na vumbi kidogo. Walioanikwa chini wataacha chembe zinazosikika ukizisugua kwa kidole. Mteja akitafuna chembe moja tu, viungo vyako vyote havina maana tena.

Swali la bei anza nalo kwenye daftari. Tuseme kilo ya dagaa wakavu ni shilingi 24,000 (weka bei ya kwako). Mafuta na viungo 4,000, mkaa 1,500. Ukichambua na kukaanga upate pakiti 22 za gramu 40. Vifungashio kwa 150 kimoja ni 3,300, lebo kwa 100 ni 2,200. Jumla 35,000, sawa na takriban 1,590 kwa pakiti, na hapo jasho lako halijahesabiwa. Ukiuza kwa 2,500 na mwenye duka akabaki na 400, wewe unapata 2,100, faida kama 510. Sasa subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa, bei inapanda. Kilo ikifika 32,000, gharama yako ni karibu 1,955 kwa pakiti na faida imebaki shilingi 145. Ndiyo maana jaribio la wiki moja ya giza linadanganya. Lipitishe wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Na kumbuka mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Jiulize mapema kipindi kama hicho utauza nini, au utakuwa na ghala la kuhifadhia kiasi gani.

Kwa kuuza, pakiti 60 zinatosha kuanzia. Ishirini stesheni ya reli siku ya treni, ishirini mwalo wa Kibirizi, ishirini Kasulu karibu na vyuo. Mwanga iache mwisho, si kwa woga, ila kwa sababu huyo mwenye mtaji yupo pale na hakuna haja ya kumwonyesha hesabu zako za mwanzo. Stesheni jaribu 2,500, Kasulu 2,000. Usiweke bei mbili mahali pamoja, utagombana na watu. Usitoe za kuonja bure zaidi ya moja au mbili kwa kila kituo. Ndugu na majirani wasihesabiwe kabisa. Duka likichukua mali kauli, hilo si mauzo mpaka hela ifike mkononi. Wengi hapa ndipo hujidanganya, wanaandika zimeuzwa 60 kumbe 35 zimekaa rafuni zinachacha.

Kabla ya kutoka, andika namba itakayokufanya uendelee na namba itakayokufanya uache. Kwa mfano: katika wiki tatu, wanunuzi wasiopungua 15 warudi kununua tena bila kuitwa. Ukiipanga baada ya kuuza utaishusha mpaka ikuridhishe.

Lebo ya jaribio iandike "Dagaa wa Kukaanga", viambato kwa mpangilio wa wingi, uzito, tarehe ya kutengenezwa na namba ya simu. Orodha ya viambato ni haki ya mlaji, hasa mwenye mzio wa samaki, ila vipimo haviandikwi, kwa hiyo siri yako haitoki. Jina unalolipenda kwa biashara kubwa liweke pembeni kwanza. Na hapo ndipo BRELA ina kazi ya kweli kwako: alama ya biashara, kundi la 29 linalobeba samaki waliosindikwa. Alama inalindwa kwa miaka saba ya kwanza, kisha huhuishwa kila miaka kumi. Chagua jina lisiloelezea bidhaa. "Dagaa Bora wa Kigoma" halitakupa ulinzi, kwa sababu kila mwenye dagaa bora wa Kigoma ana haki ya kusema hivyo. Usichanganye pia na usajili wa jina la biashara, ambao hauzuii mwingine kuweka jina linalofanana kwenye pakiti zake. Ulinzi huo ni wa Tanzania Bara. Zanzibar wana ofisi yao. Peleka maombi pale jaribio likishakupa majibu mazuri, kabla ya kuchapisha lebo nyingi.

Chakula ni chakula hata kikiwa cha kujaribia: anayekaanga apimwe afya, na afisa afya wa kata ajue unakofanyia kazi. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani mapema, wanafundisha usindikaji na huwapa wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango. Ukiwa pale uliza, "Bidhaa ya samaki yenye mafuta inafaa kifungashio gani?" Hakuna atakayekudai kipimo cha pilipili.

Msaidizi wa jikoni anahitaji utaratibu kuliko mkataba. Viungo changanya mwenyewe ukiwa peke yako, uvipime kwenye mifuko, mfuko mmoja kwa kilo moja ya dagaa. Yeye anamimina tu. Anayenunua dagaa asiwe anayejua wateja wa katoni. Hati ya kutunza siri ni ya wachache: anayekuletea mtaji, anayekaanga kila siku, labda fundi wa lebo. Iorodheshe ile mistari sita kwa aina zake (si yaliyomo), muda, tuseme miaka miwili, kurudisha karatasi zote, na mashahidi. Itaje pia kila upande unapata nini, kwa maana Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa kawaida haitambui makubaliano ambayo upande mmoja hautoi kitu. Ukimpelekea muuza duka hati kama hiyo atakucheka, na atakuwa na haki.

Watakuiga? Ukifanikiwa, ndiyo. Kigoma kila nyumba ina karai. Mwigaji wa kwanza mara nyingi ataziba pakiti zikiwa za moto na kuokoa hela kwenye kifungashio, na wateja wake watapata harufu ile ya mafuta ya taa mapema. Kinachokuweka mbele ni kwamba pakiti ya leo ina ladha ya pakiti ya mwezi uliopita, na simu za wanunuzi wa katoni unazo wewe.

Turudi kwa mtu wa Mwanga. Mpelekee pakiti aonje na karatasi ya ukurasa mmoja: ulizouza, wapi, bei gani, waliorudi wangapi, pakiti inakaa wiki ngapi, gharama ya jumla kwa pakiti wakati wa giza na wakati wa mwezi, kiasi unachotaka na utakifanyia nini. Usigawanye gharama ya viungo moja moja. Mstari mmoja, "viungo na mafuta", unatosha. Mwenye nia ya kuwekeza ataamua kwa hizo namba. Mkimaliza kuongea, usiku huo huo mtumie ujumbe wa WhatsApp: "Asante kwa muda wako, leo tumezungumza moja, mbili, tatu, na tumekubaliana mambo haya yabaki kati yetu." Ujumbe una tarehe na saa, na akijibu "sawa" una ushahidi ambao maneno ya mdomo hayakupi.

Aking'ang'ania viungo kabla ya kutoa shilingi, mwambie vitaandikwa kwenye bahasha siku mtakayosaini hati ya ubia au kampuni yenye hisa zako, na hela ikiwa imeingia. Akikataa, kopa kidogo, kaanga pakiti nyingine 60, ongeza kituo cha Uvinza, na karatasi yako ya ukurasa mmoja itakuwa nzito zaidi kwa mwenye mtaji atakayefuata.