Jina la kalamu halikukingi na kesi

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni muuguzi kwenye hospitali ya wilaya, nimemaliza kuandika riwaya kuhusu wodi ya wazazi na sitaki wenzangu kazini wajue ni mimi. Kuna kaka mmoja Facebook anasema nimlipe laki na nusu anisajilie jina la kalamu, na nikishasajiliwa hakuna mtu anaweza kunishtaki kwa nilichoandika. Mkataba nao anasema nisaini kwa jina hilohilo. Ni kweli? Na hakimiliki yangu inakuwaje?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera kwa kumaliza, wengi wanaoniandikia bado wako sura ya tatu. Ila hiyo laki na nusu usiitoe.

Hakuna ofisi Tanzania inayosajili majina ya kalamu. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi yenyewe, yaani kitabu, wimbo, picha. Wanachofanya hawa jamaa (nimeshaletewa karatasi zao sana) ni kuingia kwenye mfumo wa BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, wanasajili jina la biashara, alafu wanakuletea cheti chenye nembo ya serikali na wewe ukiona jina lako la kalamu limeandikwa pale unafurahi. Sasa jina la biashara BRELA linasajiliwa pamoja na jina la mmiliki na mtu anaweza kwenda kutafuta taarifa zake. Kwa hiyo umelipa hela kutengeneza rekodi ya serikali inayounganisha jina la siri na jina lako la NIDA. Na wengine wana roho mbaya zaidi, wanalisajili kwa jina lao wenyewe, kitabu kikianza kuuza ndo unaambiwa jina ni mali yao.

Haya, tuje kwenye hilo la kutoshtakiwa, maana hapa ndo nachoka kabisa. Watu wanaamini ukibadili jina kwenye jalada basi umekuwa mtu mwingine mbele ya sheria. Jina la kalamu linakuficha kwa msomaji, basi. Halikufichi kwa mchapishaji, halikufichi benki, halikufichi TRA, na hakimu ndo kabisa. Mtu akiona umemchafua anamshtaki mchapishaji, na mchapishaji ana mkataba wako kwenye faili. Mikataba mingi ya vitabu ina kifungu ambacho mwandishi anadhamini kwamba kazi yake haimkashifu mtu, na ikitokea kesi gharama zinamrudia yeye, watu wanakipita hicho kifungu wanakimbilia asilimia za mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo. Ukichapisha mwenyewe mtandaoni ni hivohivo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi uwezo wa kumwagiza mwenye taarifa azitoe.

Kuvuja kwenyewe wala hakuhitaji polisi. J. K. Rowling, yule wa Harry Potter, ana hela na mawakala wa kila aina, mwaka 2013 akatoa riwaya ya upelelezi kwa jina la Robert Galbraith, miezi michache tu siri ikawa gazetini kwa sababu wakili wa ofisi iliyokuwa inamhudumia alimnong'oneza rafiki wa mke wake. Wakili alipigwa faini ya pauni 1,000 lakini siri ilishatoka. Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha wa Marekani, alijiita Richard Bachman toka 1977, mwaka 1985 akakamatwa na karani wa duka la vitabu pale Washington ambaye alienda tu Maktaba ya Bunge kupekua rekodi za hakimiliki, akakuta kitabu kimoja cha Bachman kina jina la King. Elena Ferrante ni jina la kalamu la mwandishi wa Italia, mwaka 2016 mwandishi wa habari alifuata mkondo wa malipo kumtafuta ni nani. Ona, wakili, rekodi, pesa. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa sababu jina la kalamu lilikuwa baya.

Kwa hapa kwetu pesa ndo inavujisha haraka zaidi. Msomaji akikutumia elfu kumi ya kitabu kwa simu, kabla hajaweka namba ya siri jina lako kamili linamtokea. Kwa hiyo usiweke namba yako binafsi kwenye jalada wala kwenye tangazo, uza kupitia mchapishaji au duka la vitabu. Na faili la Word ulilotumia linahifadhi jina la mwandishi kwenye taarifa zake za ndani, kama laptopu imeandikishwa kwa jina lako basi PDF unayowagawia marafiki "wa siri" inaweza kuwa nalo. Lifute kwanza.

Mkataba. Saini kwa jina lako la kwenye kitambulisho, alafu ndani ya mkataba muandike kwamba kitabu kitatoka kwa jina fulani la kalamu na mchapishaji hana ruhusa kumtajia mtu jina halisi bila ridhaa yako ya maandishi. Hiyo ndo siri yenye kinga, ikivunjwa una pa kushika. Ukisaini kwa jina la kubuni peke yake alafu mchapishaji akakudhulumu, utaanzia wapi kuthibitisha kwamba wewe ndo yule? Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania imo toka 1994, unasema kitabu kikitoka kwa jina la kubuni na mwandishi hajulikani, mchapishaji aliyetajwa kwenye kitabu ndo anahesabiwa kuwa mwakilishi wa mwandishi na ana haki ya kusimamia maslahi yake. Soma tena hapo. Kama huyo mchapishaji ndo kaka wa Facebook, umemkabidhi mtoto na cheti cha kuzaliwa.

Dada watatu waandishi wa ukoo wa Brontë kule Uingereza, Charlotte, Emily na Anne, yaliwakuta, maana walikuwa wanajiita Currer, Ellis na Acton Bell kwa vile wanawake walikuwa hawasomwi kwa haki. Mchapishaji wa Emily na Anne, bwana Thomas Newby, kwanza aliwachaji pauni 50 ndo awachapie, alafu Charlotte alipong'ara na riwaya yake Jane Eyre ya 1847 huyo bwana akaenda kuwauzia Wamarekani kitabu cha Anne akidai ni cha yule yule wa Jane Eyre. Julai 1848 ikabidi Charlotte na Anne wapande treni usiku mpaka London kujionyesha kwa mchapishaji wa Charlotte kwamba wao ni watu tofauti. Na George Eliot, mwandishi mwingine wa Uingereza, jina lake halisi Mary Ann Evans, mwaka 1859 alikuta mzee mmoja wa sehemu za kwao anaitwa Joseph Liggins anatajwa kuwa ndo mwandishi wa riwaya yake Adam Bede, watu wanamtetea mpaka kwenye gazeti la The Times. Siri ya jina lake haikupona pale.

Hakimiliki haipotei, hapo tulia, inaanza pale unapoandika. Tofauti ni muda. Kwa sheria yetu ya 1999 kazi ya mwandishi anayejulikana inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, ya jina la kubuni miaka 50 inaanza kuhesabiwa toka kitabu kilipotoka, isipokuwa mwandishi akijulikana ndani ya muda huo. Ndo maana lakabu iliyo wazi haina shida hii. Mshairi Andanenga akijiita Sauti ya Kiza nchi nzima ilimjua, na mwandishi wa riwaya wa Kenya, Ken Walibora, ambaye ukoo wake ni Waliaula hakuna aliyejiuliza ni nani. Wewe unayetaka kujificha kabisa weka mswada wenye tarehe sehemu salama, na karatasi yenye majina yote mawili kwa wakili au kwa mtu unayemwamini, maana ukifariki ghafla watoto wako hawatajua hata kama kuna kitabu.

Sasa kitu ambacho hukukiuliza ila ndo kinanipa wasiwasi zaidi kwenye riwaya yako. Kama umeandika mama aliyefika usiku na bodaboda, mapacha, mmoja kafariki, mume kazua ugomvi getini, na tukio lilitokea kweli, yule mama akisoma atajijua ukurasa wa pili na mtaa mzima utajua ni hospitali gani na nani alikuwa zamu. Umebadilisha jina lako na ukaacha lake likisomeka. Hilo Baraza la Uuguzi na Ukunga hawataangalia jalada limeandikwa nani, na toka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi pia, za afya zikiwa ni zile nyeti. Changanya wagonjwa, hamisha wilaya, badili ugonjwa, badili mwaka, mpaka wewe mwenyewe usiweze kumnyooshea mtu kidole. Kazi hiyo ndo itakayokuficha.

Na nyie wengine mnaosoma hapa, jina la kubuni halina tatizo, waandishi wana sababu nzito, kuna wanaotishiwa, kuna wanawake ambao nyumbani hawaruhusiwi. Cheo cha kubuni ndo wizi. Kila siku naletewa vitabu vya tiba za sukari na presha vya "Dkt." fulani ambaye hayupo kwenye chuo chochote, ukiuliza unaambiwa ni jina la kalamu. Mgonjwa anaacha dawa zake kwa kuamini hizo herufi tatu. Hao sihariri na nawaomba wahariri wenzangu wasiwaguse.

Dada, kabla hujamjibu huyo kaka ingia kwenye ukurasa wake uangalie matangazo yake ya nyuma. Hawa huwa wanabandika vyeti vya wateja waliowahudumia kama ushahidi wa kazi nzuri. Vuta picha kwa karibu, mara nyingi jina la kalamu liko juu na jina la mwenyewe liko chini yake.