Umeshusha slaida, hujazima leya

Wadogo zangu mnaoanza kupanga leya (sauti kadhaa zinazolia pamoja kwa noti moja) kwenye kinanda cha umeme, tuelewane kidogo. Malalamiko ni yale yale: noti zinakatika, besi inapotea katikati ya wimbo. Hapohapo anatokea mtu wa kukushauri ununue mashine kubwa zaidi. Mara nyingi mashine haina kosa. Imepewa leya sita, zote za stirio (kushoto na kulia), na pedali ya kushikilia noti imekanyagwa tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hata ile kubwa itachoka.

1. Hesabu nafasi, usihesabu vidole. Ile 128 iliyoandikwa kwenye boksi la mashine yako si noti 128. Ni nafasi za sauti, na kila oskileta (chanzo cha sauti ndani ya mashine) inayolia inachukua nafasi yake. Sampuli (sauti iliyorekodiwa) ya stirio kwa kawaida inachukua mbili. Chukua piano ya stirio (2), stringi zenye oskileta mbili za stirio (4), pedi, ile sauti laini ya kutandaza, ya namna hiyohiyo (4) na kengele ya mono (1). Noti moja tu imeshakula nafasi 11. Noti nane za mikono miwili ni 88, bado uko salama. Badilisha kodi (kundi la noti zinazopigwa pamoja) huku pedali iko chini: sasa zinatakiwa 176, na zile 48 zilizozidi lazima ziibwe mahali. Mashine nyingi huanza kuiba noti iliyotangulia au iliyofifia zaidi, na iliyotangulia mara nyingi ni ile besi ya mkono wa kushoto. Ndiyo maana wimbo unabaki unaelea. Mashine chache, kama Yamaha Montage, huhesabu stirio kuwa nafasi moja, kwa hiyo soma kitabu cha mashine yako kabla ya kubishana.

Na msidhani shida hii ni ya leo. Korg M1 ya mwaka 1988 ilikuwa na nafasi 16. Ukipiga programu ya oskileta mbili unabaki na noti 8. Roland JV-1080 ya 1994 ilikuwa na 64, lakini pachi (sauti moja iliyopangwa) ikitumia toni zote nne, yaani leya zake za ndani, ni noti 16 basi. Watu walipiga muziki mzito humohumo, kwa sababu walijua cha kuacha.

2. Slaida ikiwa sifuri, leya bado inakula. Hapa ndipo mnapoangukia karibu wote, na kosa lenyewe halionekani kwa sababu masikio hayaambiwi kitu. Mpigaji anapanga piano, stringi, pedi na kwaya kwenye kombi (mpango wa leya kadhaa) moja. Ubeti unahitaji piano peke yake, basi anashusha slaida tatu za volyumu hadi chini na kuridhika kwamba amepumzisha mashine. Hajapumzisha chochote. Volyumu hufanya kazi mwishoni mwa njia, baada ya oskileta na filta. Kila noti ya piano inaendelea kuamsha stringi, pedi na kwaya. Zinalia kimyakimya na kushika nafasi zao kama kawaida. Matokeo yake ni kichekesho: piano tupu, inayosikika kama sauti moja, inakatika noti kama okestra nzima.

Hakikisha mwenyewe. Shusha slaida za leya zote isipokuwa piano, kanyaga pedali, shikilia noti ya chini kabisa, kisha panda kwa noti za harakaharaka huku ukisikiliza ile ya kwanza. Angalia inakatika ukifika wapi. Rudia, lakini safari hii zima leya zile kwa swichi ya kuzima sehemu, si kwa slaida. Utapanda mbali zaidi kabla besi haijaondoka.

Mtauliza: kwa nini basi tusizime kwa swichi siku zote? Kwa sababu leya iliyozimwa haipokei noti. Ukishika kodi kisha ukaiwasha, pedi haitatokea mpaka ubonyeze upya. Ukitaka pedi ipande polepole chini ya kodi iliyoshikwa, slaida ndiyo njia, na gharama yake utailipa. Ilipe kwa akili: mpe pedi huyo oskileta moja ya mono, mbane kwenye oktava mbili za katikati, na mzuie asipokee pedali. Kwaya ambayo haiingii hadi kibwagizo, hiyo izime kabisa, huna sababu ya kuibeba.

3. Punguza rilisi (muda sauti inaoendelea kufifia baada ya kuachia kidole), mkia mwachie rivabu (mwangwi). Kwa tempo ya 60, stringi zenye rilisi ya sekunde tatu hubaki midundo mitatu baada ya kuachia vidole. Kama kodi inabadilika kila midundo miwili, ya zamani na mpya zinalipiwa kwa pamoja muda wote. Teremsha rilisi hadi chini ya sekunde moja. Mkia wa rivabu hauchukui nafasi ya noti hata moja.

4. Kupokezana kwa nguvu ya kidole si sawa na kuchanganya. Sampuli mbili zikipokezana kwenye velositi 90 (velositi ndiyo hiyo nguvu ya kidole), inalia moja. Ukiweka zichanganyike kati ya 70 na 100, ndani ya eneo hilo zinalia zote mbili, na wengi wenu mkono wenu unaishi humo humo.

5. Rivabu moja ya pamoja, leya zote zitume huko. Kuweka rivabu kwenye insati (efekti ya leya yenyewe) ya kila leya ni kuchezea prosesa, na sauti inakuwa matope juu yake.

6. Injini za kutengeneza sauti hazilingani. Kwenye Korg Kronos, HD-1 ya sampuli ikiwa peke yake hufika nafasi 140, lakini STR-1, inayokokotoa mtetemo wa nyuzi, huishia 40. Sauti ya kukokotolewa iwe ya solo. Ukiitandaza chini ya kila kitu kama pedi, usishangae.

7. Kama mashine yako ina sehemu ya kutenga nafasi kwa kila chaneli, tengea ngoma na besi kwanza. Saba au nane kwa ngoma hutosha mara nyingi, ila tupio moja la simbali lina mkia mrefu, kwa hiyo sikiliza.

8. Ukiunganisha kompyuta na sauti ghafla ikawa nyembamba, kama inatoka ndani ya bomba, usikimbilie ikwalaiza. Kibodi inaamsha sauti moja kwa moja, na kompyuta nayo inairudisha noti ileile. Kila noti inapigwa mara mbili na nafasi zinakwisha kwa nusu ya muda. Weka Local (muunganiko wa kibodi na sauti za mashine yenyewe) iwe Off, uhifadhi. Wengi huiweka, hawahifadhi, wanazima mashine, na kesho yake wanauliza swali lilelile.