Kuendesha, kuongoza au kudhibiti mota?

SWALI: Ninafundisha umeme katika chuo cha ufundi na ninaandaa somo kwa Kiswahili kwa wanafunzi waliokwisha kumaliza misingi. Kichwa nilichokiweka ni "Mbinu za Kisasa za Kuthibiti Mota za Umeme na Vibadilishi vya Nguvu". Mwenzangu mmoja ananiambia niandike "kuongoza", mwingine anasema "kuendesha" inatosha. Yupi yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, tuanze na herufi. Umeandika "kuthibiti", na kuthibiti ni kuwa kweli pasipo shaka: habari imethibiti, mashahidi wamethibitisha. Unachokikusudia ni "kudhibiti", kwa dh, yaani kukishika kitu kisivuke mpaka uliowekwa. Wengi wetu hatuzitofautishi sauti hizi mbili tunapozungumza, na kosa likishaingia mdomoni halikawii kufika kwenye karatasi. Mota haithibitiwi, inadhibitiwa.

Tukija kwenye mzozo wenu, vitenzi vyote vitatu ni Kiswahili safi na vyote vina nafasi katika somo lako. Ila kila kimoja kina kazi yake, na kazi hizo zinaachana pale pale ambapo wahandisi wenyewe wanazitenganisha.

Kuendesha ni kukifanya kitu kiende. Unganisha umeme wa njia tatu (fezi tatu) moja kwa moja kwenye mota ya mashine ya kusaga, na mota imeendeshwa. Ikiwa ina ncha nne za sumaku na umeme ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi) ndani yake unazunguka mara 1500 kwa dakika, na rota, sehemu inayozunguka, inaufuata kwa kuchelewa kidogo, mara nyingi kwenye mizunguko 1440 hivi. Kasi hiyo haikuchaguliwa na aliyewasha swichi. Imeamuliwa na gridi na jinsi mota ilivyosukwa.

Kuongoza ni kutoa amri au kuonyesha njia. Tazama taa za kuongozea magari: zinawaka nyekundu, lakini taa yenyewe haijui kama dereva wa daladala amesimama au amepita. Ndivyo ilivyo njia rahisi ya kubadili kasi ya mota kwa inveta, kifaa kinachoipa mota umeme wa volti na hezi unazozitaka, ile ya kuweka uwiano usiobadilika wa volti kwa hezi. Mota ya volti 400 kwa hezi 50 ina uwiano wa 8. Ukitaka karibu nusu ya kasi, inveta inatoa hezi 25 na volti 200, basi. Mzigo ukiongezeka, rota inachelewa zaidi na kifaa hakina habari. Kwa pampu na feni hilo si tatizo kubwa, na faida yake ni kubwa: nguvu inayotumiwa na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo feni ikizunguka kwa asilimia 80 ya kasi yake inahitaji takriban asilimia 51 tu ya nguvu. Kama somo lako lingekomea hapo, mwenzako wa "kuongoza" angekuwa na hoja nzuri.

Lakini kichwa chako kinaahidi zaidi ya hapo, na hapo ndipo "kudhibiti" inapostahili mahali pake. Sikiliza Watanzania wanavyolitumia neno hili nje ya karakana. EWURA ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Haizalishi umeme wala haisambazi maji. Inaweka viwango, inakagua, inalinganisha kilichopo na kilichotakiwa, kisha inaingilia kati. Kupima, kulinganisha, kurekebisha: mhandisi wa mota akiambiwa aeleze kazi yake atataja mambo hayo hayo matatu, ila yeye anayarudia maelfu ya mara kwa sekunde.

Mfano wake bora ni udhibiti wa vekta, uliozaliwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi za wahandisi Hasse na Blaschke. Mikondo mitatu ya mota inapanda na kushuka bila kutulia, na kuishika ikiwa katika hali hiyo ni vigumu. Kwa hesabu ambayo mzizi wake ni kazi ya mhandisi Robert Park ya mwaka 1929, mikondo hiyo inatazamwa kana kwamba mtazamaji anazunguka pamoja na uga wa sumaku. Ghafla vitu vitatu vinavyoyumba vinakuwa viwili vilivyotulia: mkondo mmoja unajenga uga, mwingine unazalisha torki, yaani ile nguvu ya kuzungusha. Kila mmoja unapimwa na kurekebishwa peke yake. Katikati ya miaka ya 1980, Depenbrock huko Ujerumani na Takahashi na Noguchi huko Japani walikuja na njia nyingine, ya kudhibiti torki moja kwa moja: kifaa kinaangalia torki na uga vimepotoka kiasi gani, kisha kinachagua hapo hapo swichi zipi za inveta zifungwe na zipi zifunguliwe.

Wanafunzi wako huenda wakauliza kuhusu mota zisizo na kihisi cha kasi. Je, hizo zinaongozwa tu? Hapana. Mikondo bado inapimwa, na kasi inakadiriwa kutokana nayo. Palipo na kipimo kinachorudi, pana udhibiti.

Kuhusu "kuendesha", treni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma itakupa hoja ya kumjibu mwenzako wa pili. Waya wa juu una volti 25,000 za mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kila mara. Umeme huo unapunguzwa volti, unanyooshwa uende upande mmoja tu, kisha inveta zinaufanya kuwa wa njia tatu kwa ajili ya mota. Kufikia hapo, mota inaendesha treni. Treni ya namna hii inapopunguza mwendo, mambo yanapinduka: magurudumu ndiyo yanayozungusha mota, nayo inakuwa jenereta. Hakuna anayeiendesha mota wakati huo, ila inadhibitiwa vile vile, na kwa makini zaidi.

Sasa "vibadilishi vya nguvu". Fundi akikwambia amebadilisha mota, unaelewa ameitoa ya zamani na kuweka nyingine. Kubadili kunabeba maana ya kuweka hiki mahali pa kile, kama nguo au fedha. Kugeuza ni kukipa kitu kile kile sura nyingine, ndiyo maana tunasema mkondo geu. Mimi ningeandika "vigeuzi". Na "vya nguvu" msomaji ataisoma kama vyenye nguvu nyingi, hivyo "vigeuzi vya umeme" inatosha. Inveta ni kigeuzi mojawapo, na jina hilo liache lilivyo; walionunua sola wanalijua.

Neno "kisasa" sitalikubali. Njia yenye zaidi ya miaka 50 ni ya kisasa kwa nani? Unataka kusema ngazi ya masomo, si umri wa mbinu. "Za hali ya juu" nayo inanuka tangazo la hoteli. Andika "Kudhibiti Mota na Vigeuzi vya Umeme: Ngazi ya Juu". Angalia pia kwamba, ukilinganisha na "udhibiti wa mota za umeme na vigeuzi vya umeme", kichwa hiki kimepunguza viunganishi viwili kwa kutumia kitenzi na kutaja umeme mara moja.

Na ukipitia maelezo ya ndani, futa "shamba la sumaku" popote ulipoliandika. Tafsiri za mashine hulipenda sana, lakini sumaku hailimi. Ni uga wa sumaku, na wingi wake ni nyuga.